Karatasi Tatu za Jengo la Kijani

Juzi mjukuu wangu kanunua fleti jijini. Alikuja Bariadi kunionyesha, na maana ya kunionyesha ni picha kwenye simu: jiko, choo, roshani yenye kamba ya kuanikia nguo, hata ufunguo kaupiga picha ukiwa kiganjani. Nikampa hongera yake. Halafu nikamuuliza nakala ya mkataba wa pango iko wapi. Akacheka.

"Babu, hiyo ipo tu. Kama si kwa wakili, iko kwa wenye jengo."

Ipo tu. Nimekaa masjala ya ardhi miaka ishirini na saba, na kama kuna maneno yaliyoniotesha mvi mapema ni hayo mawili. Nilimkalisha nikamsimulia habari za jengo la kijani mpaka chai ikapoa. Alipoondoka nikaona si yeye peke yake. Mko wengi mnaonunua funguo. Basi na ninyi kaeni.

Kwanza mnielewe jambo moja. Anayenunua fleti hajanunua ardhi. Ardhi iko chini yenu nyote, na mwenyewe yupo. Ulichonunua ni haki ya kukaa ndani ya kuta fulani, kwa miaka fulani, kwa masharti fulani, na hayo yote yako kwenye mkataba. Rangi ya ukuta unaiona kwa macho. Nani anapita kwenye ngazi, nani anachota kwenye tangi, nani anaziba paa likivuja, hayo huyaoni mpaka usome. Ufunguo unafungua mlango, lakini jirani akikuuliza swali haukusaidii kujibu.

Mimi niliingia masjala nikiwa kijana wa kalamu nne mfukoni, wakati huo Bariadi tukihesabiwa mkoa wa Shinyanga. Aliyenipokea ni mkuu wa masjala, Mzee Maduhu, mtu mfupi, mkali, aliyeendelea kuvaa kaptula ya kaki miaka mingi baada ya wenzake kuhamia kwenye suruali. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa faili hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuchuma majani ya mwarobaini, kuyakausha na kuyatandaza ndani ya makabati kufukuza wadudu. Nilidhani ananionea. Baadaye nilifika ofisi ambazo hazikutandaza mwarobaini, nikaona mafaili yaliyoliwa katikati yakabaki majalada tu.

Alinifundisha kufunga karatasi kwa uzi badala ya pini, kwa sababu pini inaota kutu na kutu huanzia kwenye namba. Alinifundisha kuandika namba ya kila karatasi kwa penseli, pembeni juu, ili ikinyofolewa moja ijulikane. Lakini juu ya yote alinifundisha kadi. Faili likitoka kabatini, mahali pake unaweka kipande cha kadi: limechukuliwa na nani, siku gani, linakwenda wapi, linarudi lini.

"Hata akija bosi wa ofisi nzima?" nilimuuliza.

"Yeye ndiye wa kwanza," akasema. "Mdogo ukimwambia arudishe, anarudisha."

Nilishika sheria hiyo miaka sita bila kuteleza. Kisha nikateleza mara moja, na ndiyo maana nina la kuwaambia.

Wakati wa ruksa ulikuwa umefika. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui neno hilo lilivyokuwa na moto. Ghafla kila mtu ruksa: kuuza nguo za mitumba, kuingiza baiskeli, kununua pamba. Chama cha pamba kilichozoea kuwa mnunuzi peke yake kikajikuta kimezungukwa na wanunuzi binafsi wenye mizani zao kwenye pikapu. Kikaanza kuyumba, na kinachoyumba huuza mali. Wakauza magari, wakauza magodauni, mwisho wakauza nyumba za wafanyakazi, likiwemo jengo la kijani. Lilikuwa jengo la ghorofa moja, familia mbili chini na mbili juu, na ngazi ya zege ubavuni. Wafanyakazi wanne waliokuwa wakiishi humo ndio waliouziwa, kila mmoja nyumba yake, kwa mkataba wa miaka thelathini na mitatu.

Mkataba ulikuwa mmoja kwa wote wanne, karatasi tatu zilizopigwa taipu. Zilitoka nakala mbili tu. Kaboni zilikuwa za kutafuta, na aliyekuwa anapiga taipu alichoka baada ya nakala ya pili. Moja ikaja kwetu masjala. Ya pili akakabidhiwa Mzee Jilala, mpimaji wa mizani kiwandani, aliyekuwa na nyumba ya chini, kwa sababu wenzake watatu walimwamini. Alitakiwa awatolee fotokopi. Mashine ya fotokopi ilikuwa mji mzima moja, ikingoja jenereta, na jenereta ilikuwa ikingoja dizeli. Wote wanne wakasema haina haraka, ipo tu kwa Jilala.

Sasa kosa langu. Mwezi mmoja baada ya mauzo alikuja mtathmini mmoja na gari likinguruma nje. Alitaka faili la jengo la kijani kwa nusu saa. Mzee Maduhu alikuwa msibani. Nilinyoosha mkono kuchukua kadi, yule bwana akasema, "Kijana, nusu saa unaandikia kadi?" Nikaona aibu. Nikampa. Mpaka leo nusu saa yake haijaisha.

Sikumwambia Mzee Maduhu. Nilipanga mafaili ya jirani yakaribiane ili pengo lisionekane, na hilo ni kosa la pili, baya kuliko la kwanza.

Miaka ikapita, Maduhu akastaafu, mimi nikakalia kiti chake. Asubuhi moja akaingia Nesi Kabula, muuguzi wa hospitali, mama mpole ambaye nusu ya watoto wa mji huu waliwahi kulia mbele ya sindano yake. Alikuwa amenunua nyumba moja ya juu kwenye jengo la kijani kutoka kwa mfanyakazi aliyeamua kurudi kulima. Alipewa ufunguo, risiti na karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya balozi wa nyumba kumi. Mkataba wenyewe hakupewa wala hakuuliza. Akahamia na mama yake mzazi, aliyekuwa amevunjika nyonga na akitembea kwa kushikiliwa.

"Nimekuja kuomba nakala ya mkataba wa nyumba yangu," akasema. "Ndaki amejenga ukuta."

Ndaki alikuwa mfanyabiashara aliyenunua nyumba zote mbili za chini baada ya wenyewe kuhama, akaziunganisha akafungua duka. Duka likajaa, akatafuta stoo, akaona nafasi iliyo chini ya ngazi ya zege. Akaizungushia tofali, mlango wake ukiwa ndani ya duka, na ukuta ukaziba ngazi pale inapoanzia. Familia ya pili ya juu ikahamia kwa ndugu. Kabula akawekewa ngazi ya miti nyuma ya jengo, akawa anapanda na kushuka nayo akiwa na sare nyeupe. Mama yake hakuweza.

"Ulimwambia Ndaki?" nikamuuliza.

"Nilimwambia. Kaniuliza, 'Nesi, ngazi inaanzia chini au juu?' Nikamwambia inaanzia chini. Akasema, 'Basi mimi nimenunua chini.'"

"Na baraza la kata?"

"Nao wamekwenda kuiangalia. Wameona inaanzia chini."

Ningecheka kama nisingekuwa na wasiwasi wa faili. Baraza lilikuwa limemwambia jambo la maana, hata hivyo: alete mkataba, wasome ngazi ni ya nani. Ndaki mwenyewe alisema akiona karatasi atabomoa. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mwenye mzigo wa sukari na saruji, na ukuta ambao hakuna karatasi iliyoukataza.

"Mama anasema nini?" niliuliza.

"Anasema hataki kufia hewani," akanijibu. "Anasema siku akifa tutamshusha dirishani kwa kamba kama gunia la pamba. Kila siku ananiuliza kama nimepata hiyo karatasi. Hataki kitu kingine."

Niliingia chumba cha makabati nikijua kabisa sitakuta kitu. Nikakaa humo dakika kumi nikivuta na kurudisha mafaili ya watu wengine ili asikie sauti ya kazi. Nikatoka nikamwambia faili liko ofisi ya kanda. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Jifunzeni hapo: karani akikujibu haraka na kwa uhakika, muulize ameliandika wapi.

Ofisi ya kanda nilikwenda mwenyewe, nikitumaini yule mtathmini alilipeleka huko, kwa lori la pamba, na mfuko wa michembe kwa ajili ya karani wa huko. Wageni hudhani michembe ni viazi vikavu tu. Kwetu huo ni utambulisho. Karani yule alishukuru, akatafuna kipande kimoja, akaniuliza namba ya mkataba. Nikamwambia namba iko kwenye karatasi ya kwanza ya mkataba. Akasema basi nimletee karatasi ya kwanza. Nikamwambia hiyo ndiyo niliyofuata.

"Bwana Masunga, utaratibu unaujua," akasema. "Ili tukutolee nakala, utuonyeshe nakala."

Nilirudi mara mbili. Mara ya pili aliniambia nilete barua ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba athibitishe kwa mkataba. Niligonga meza. Yeye akaniongezea chai. Hiyo ndiyo hasira ya ofisini, vijana: unayegombana naye hana ubaya wowote, na mkigombana mpaka jioni bado atakuaga vizuri.

Ikabaki nakala ya Mzee Jilala. Jilala alikuwa amefariki mwaka uliopita. Nilimfuata mjane wake, Mama Ngolo, aliyekuwa amerudi kijijini, mama mrefu anayesikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Nilimwamkia, nikaeleza shida.

"Karatasi zipo," akasema.

Moyo ukatulia. "Ziko wapi, mama?"

"Alizibilisa."

Wasiotoka kwetu niwaeleze. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote kwenye boma moja. Ugonjwa ukiingia au wezi wakija, amekwisha. Anawagawa, watano kwa rafiki huyu, watatu kwa rafiki yule, vijiji mbalimbali, kimya kimya. Huko ndiko kubilisa. Anayepewa anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe si wake na hamtajii mtu ni wa nani. Mzee Jilala aliwahi kuona godauni la kiwanda likiungua na vitabu vyote vya wafanyakazi ndani yake. Alipopewa mkataba wa familia nne hakuona usalama kwenye sanduku moja wala kwenye ofisi moja. Akafungua ule uzi, akagawa karatasi tatu kwa marafiki watatu.

Nilishika kichwa. Nilimwambia Mama Ngolo kwamba karatasi si ng'ombe, kwamba mkataba ukitenganishwa hauna maana. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile iliyokaa kwenu imekamilika?" akauliza.

Nikamuuliza marafiki hao ni akina nani.

Mumewe alikuwa amemtajia watu wawili tu: katekista mmoja wa Mkula, na mama muuza dagaa wa Kalemela. Wa tatu marehemu alisema atajulikana siku akija msibani. Msiba ulipita, watu walijaa, na hakuna aliyejitambulisha.

Nilikwenda Mkula peke yangu na barua yenye muhuri. Katekista alinipokea vizuri, akaisoma barua yote, akausifu muhuri, akaikunja akanirudishia.

"Barua nzuri," akasema. "Lakini ng'ombe si wako."

"Baba Katekista, hii ni karatasi ya nyumba. Ni jambo la ofisi."

"Jilala hakuniletea jambo la ofisi. Alinipa kitu nimtunzie. Akija aliyeachiwa boma lake, nitatoa. Wewe nitakupa uji."

Nikanywa uji nikarudi Bariadi mikono mitupu. Wiki iliyofuata nilimchukua Mama Ngolo. Katekista alimwona tu, akaingia ndani, akaitoa karatasi ya kwanza katikati ya nguo za kanisani, haina hata kunjo. Hakumuuliza neno. Nilimuuliza kama anajua iliko nyingine. Akasema hajui, na waliobaki hawamjui yeye, na ndiyo maana zimekaa salama.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na namba. Nikaikimbiza ofisi ya kanda kama mwenye homa. Yule karani wa michembe akafungua rejista, akaipata namba, akafurahi kuliko mimi. Halafu akasoma pembeni: faili limeazimwa na wafilisi wa mali za chama, halijarudi. Kanda waliweka kadi. Kadi ilikuwepo. Faili ndilo halikuwepo.

Kalemela tulikwenda watatu, Mama Ngolo, Nesi Kabula na mimi, nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa pamba. Mama wa dagaa alikuwa ameiweka karatasi ya pili ndani ya kopo lenye mfuniko, ikanuka dagaa mpaka kizazi cha tatu. Kabula aliisoma pale pale amesimama. Ilitaja nyumba nne, moja moja, na vipimo vyake. Chini kabisa iliandikwa: masharti kuhusu ngazi, tangi la maji na uwanja yanaendelea ukurasa unaofuata.

Alisoma mstari huo kwa sauti, akakaa chini mchangani.

Ndipo nikamwambia. Tulikuwa tunangoja pikapu, na sikuweza tena kumwangalia akinishukuru kwa kuhangaika. Nilimwambia faili liliondoka mkononi mwangu, bila kadi, kwa mtu ambaye sikumjua hata jina, na kwamba siku ile kabatini nilikuwa navuta mafaili ya bure. Nilitegemea anitukane. Angekuwa na haki.

"Mama yangu ana miezi minane hajakanyaga ardhi," akasema taratibu. "Wewe ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Basi tafuta ya tatu."

Pikapu ilipofika akapanda, akamweka Mama Ngolo katikati yetu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani Migato kumwona baba. Baba yangu, Mzee Gamaya, alikuwa na mguu uliovimba mwaka mzima, hatoki uani, anashinda kwenye kigoda akisokota kamba za katani. Nilikula, kisha nikalalamika. Nililalamikia kanda, wafilisi, dagaa, katekista na muhuri wangu uliodharauliwa, na nikamlalamikia hasa marehemu Jilala, mtu mzima anayegawa mkataba kama mitamba. Baba alikuwa akimfahamu Jilala, lakini nani hakumfahamu? Alikuwa amepimia pamba nusu ya wilaya. Alisokota kamba yake mpaka nikamaliza.

"Mjane wa Jilala hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Mwambie aje anisalimie. Msibani sikufika, mguu ulinikatalia."

Nikasema nitamwambia. Nikaendelea kulalamika. Aliniletea maziwa ya mgando, nikanywa, nikaondoka. Salamu zenyewe sikuzifikisha, nilikuwa na barua za kuandika. Wiki tatu niliandika barua. Nimewahi kuhesabu makosa yangu yote ya kazi, na wiki hizo tatu zinanichoma kuliko ile nusu saa, maana nilikuwa nimeshakaa Mkula, nimeshanywa uji, nimeshaambiwa kwa mdomo nani anayeweza kuchukua. Ofisi ilikuwa imeniziba masikio.

Mama Ngolo alikuja mjini kwa shughuli zake akapita ofisini kuuliza tumefikia wapi. Nikamwambia hatujafika popote. Alipokuwa anaaga nikakumbuka.

"Halafu baba yangu anakusalimia. Anasema uende Migato umsalimie, msibani hakufika."

Aligeuka mlangoni.

"Alisema niende? Mimi mwenyewe?"

"Ndiyo, mguu unamsumbua."

"Masunga," akasema, "alikwambia lini?"

Nilimwambia. Aliniangalia bila kufumba macho, kisha akaniambia nitafute usafiri siku hiyo hiyo.

Migato baba alisimama kumpokea, na mguu wake ule. "Mwadila, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma. Walimzungumza marehemu, Mama Ngolo akalia kidogo, baba akangoja. Wakala. Mimi nilikuwa naangalia saa. Vyombo vilipoondolewa ndipo baba akauliza ana shida gani, naye akasema amekuja kwa ajili ya kitu alichoacha mume wake.

Baba aliingia ndani akatoka na pampu ya baiskeli iliyokufa siku nyingi. Akaifungua kitako, akachomoa karatasi iliyoviringwa. Nilinyoosha mkono. Aliupita mkono wangu akampa Mama Ngolo.

"Na ng'ombe wako wapo watatu," akamwambia. "Yule mwekundu alizaa wanne, kisha yeye na mtoto wake mmoja wakafa, ngozi zao nimekuwekea uzione."

Yule mwekundu nilimchunga. Nilikua nikinywa maziwa yake, nikimwita ng'ombe wetu, nikapigana na watoto wa jirani kwa ajili yake.

"Baba," nikasema, "mimi nilikaa hapa hapa nikakueleza tunaitafuta karatasi hii."

"Ulinieleza vizuri sana."

"Kwa nini hukuniambia unayo?"

"Nilikwambia umlete mwenyewe. Ukakaa wiki tatu." Akarudi kwenye kigoda polepole. "Ng'wana wane, wewe kazi yako si kutunza karatasi za watu? Mtu akija tu na haraka zake, unampa?"

Sidhani alijua habari za yule mtathmini. Sikuwahi kumwambia. Lakini nilikaa pale, afisa mzima wa masjala, mbele ya mzee asiyejua kusoma aliyeitunza karatasi moja kuliko mimi na makabati yangu.

Karatasi ya tatu ilisema ngazi, tangi na uwanja ni vya nyumba zote nne kwa pamoja na hakuna mwenye ruhusa ya kuviziba. Mstari mmoja na nusu. Tulizibeba zote tatu mpaka baraza la kata, na kabla hazijatoka mkononi mwangu nilizitolea fotokopi tano, nikakaa juu ya mashine ile mpaka jenereta ikakohoa. Ndaki alisoma mara mbili.

"Mngenionyesha hii tangu mwanzo," akasema, "ningejenga upande ule."

Kesho yake alibomoa, na tofali akazihamishia upande ule kweli. Nesi Kabula alimfunga mama yake kwenye kiti kwa kanga mbili, na watu wanne wakakibeba kushuka ngazi ya zege, Ndaki mguu mmoja wa kiti, mimi mwingine. Yule bibi alifumba macho njia nzima. Tulipomtua alivua kandambili, akaweka nyayo chini, akazisogeza sogeza kwenye vumbi la saruji lililobaki.

Halafu akasema aonyeshwe hiyo karatasi. Kabula akamwambia, mama, hujui kusoma. Akasema hajaomba kusoma. Nikampa ile ya tatu, yenyewe, si fotokopi. Aliiweka juu ya viganja viwili akainyanyua kidogo, akaishusha, akainyanyua tena.

"Kumbe ni nyepesi hivi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mama, ni nyepesi.